Z yangu ilipogoma

Najua, najua. Mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya TP ya mwaka jana. Nikawaahidi visa vya huko shuleni, halafu kimyaaa. Kuna walioniuliza kama nimedisko. Sijadisko. Kuna mmoja aliuliza kama nimeolewa. Sijaolewa pia, posa ikija nitatangaza hapahapa. Nilikuwa naumwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umekaa mahali pabaya sana kwa mtu anayesomea ualimu: kwenye sauti.

Leo nataka niseme yote, hata yale ambayo hayanipendezi. Chukueni chai, ni ndefu kidogo.

Tuanzie darasani. Wale tuliosoma Kiswahili mwaka wa kwanza mtakumbuka ile semina ya fonetiki. Weka vidole viwili kooni, kwenye kongomeo. Sema "sss". Kimya. Sasa sema "zzz". Vidole vinatetemeka kama vimeshika nyuki. Ndiyo tofauti ya sauti sighuna na sauti ghuna. Semina nzima tukageuka mzinga wa nyuki, tukacheka mpaka machozi. Mhadhiri akaeleza kwamba nyuzi sauti ni mikunjo miwili midogo iliyomo ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti. Hewa ikipanda kutoka mapafuni inazitetemesha, na kwa mwanamke anayeongea kawaida zinatetemeka takriban mara 200 kwa sekunde moja. Nikaandika kwenye daftari, nikajibia UE, nikapata alama zangu, nikasahau.

Wakati wa UE ileile ya mwisho wa mwaka wa kwanza ndipo sauti ilianza kukauka. Sikushtuka. Nani hakaukwi sauti kipindi cha UE? Usiku hatulali, tunasomeana kwa sauti, vumbi, baridi ya Juni. Nikanunua tangawizi.

Julai nikaenda TP. Nikapangiwa kidato cha pili, darasa la wanafunzi 94, madirisha hayana vioo na barabara ipo pale nje. Wiki ya kwanza nikafundisha kwa sauti ya kukwaruza. Walimu wenyeji wakaniambia ndivyo ilivyo, "chaki hiyo, utazoea". Wiki ya tatu sauti ikawa inatoka nusu nusu: sentensi inaanza vizuri, katikati inakatika, mwishoni hewa tupu. Nikawa mtu wa kuandika ubaoni kuanzia kona hii mpaka kona ile na kugonga meza kwa rula.

Siku moja kijana mmoja wa nyuma kaingia darasani na kofia. Nikamwambia, "Vua kofia." Akanitazama kwa adabu zote, akauliza, "Madam, niifue sasa hivi?"

Darasa likalipuka. Na mimi nikacheka, japo kicheko chenyewe kilitoka kama upepo wa pampu ya baiskeli. Kijana hakuwa mtundu. Alisikia "fua" kwa sababu ndicho nilichosema! Nilipofika nilikopanga nikafunga mlango, nikaweka vidole viwili kooni kama kwenye semina ile. "Sss." Kimya. "Zzz." Kimya. Nikarudia. "Vvv." Hamna. "Zzz." Hamna kitu. Z yangu ilikuwa S, V yangu ilikuwa F. Sauti ghuna zote za lugha ya Kiswahili zilikuwa zimenihama, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuifundisha.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekwenda hospitali. Mimi nilikwenda duka la dawa.

Orodha ya nilivyotumia kati ya Julai na Novemba ni hii: tangawizi, asali na limao, karafuu za kutafuna, maji ya chumvi ya kusukutua, kujifukiza chini ya blanketi, pipi za kifua, na "rangi mbili" za duka la dawa mara tatu. Zahanati moja wakaniambia ni asidi ya tumboni inapanda, nikanywa dawa za asidi. Mama akasema ni kwa sababu nakunywa maji ya baridi. Shangazi akasema kuna mtu kanionea kijicho cha kusoma chuo. Nikamaliza TP kwa kunong'ona. Msimamizi aliyekuja kunitathmini akaandika kwamba maandalizi ni mazuri, lakini mwalimu "hasikiki". Neno hilo moja lilinikaa rohoni kuliko alama.

Mambo mengine nilikuwa nayaona, ila sikuyaunganisha. Kumeza kulianza kuuma, ugali ukawa unapita kama una miiba na maumivu yanapanda hadi sikioni. Sketi zikaanza kunivuka. Usiku natoka jasho la kulowesha shuka. Kikohozi kilikuwepo lakini kidogo, kile cha kusafisha koo, siyo kile unachokiona kwenye mabango. Na hilo ndilo lililonidanganya. Kichwani mwangu kifua kikuu ni kifua: mzee aliyekonda, anakohoa, anatema damu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja na naumwa koo.

Chuo kilipofunguliwa nikarudi hosteli na sauti ileile. Hapa niwaeleze wasiotujua: chumba chetu kina vitanda vinne, tunalala saba. Mimi nilikuwa nimembeba rafiki yangu mmoja, tangu mwaka wa kwanza tunalala kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, kichwa huku miguu kule, na baridi ikizidi wote kichwa upande mmoja. Bumu likichelewa tunakula sahani moja. Huyo ndiye aliyenishika mkono Novemba akasema, "Wewe, miezi mitano hii. Kesho tunakwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, nauli natoa mimi." Muweke hilo kichwani, nitalirudia.

Daktari alinipulizia dawa ya ganzi puani, akaingiza mpira mwembamba wenye kamera. Machozi yalinitoka ila haiumi kama mnavyofikiri. Kwenye skrini nikaona nyuzi sauti zangu kwa mara ya kwanza maishani. (Nilikuja kusoma baadaye kwamba mtu anayesifiwa kwa kuonyesha njia ya kuona nyuzi sauti zikifanya kazi alikuwa mwalimu! Manuel García, mwalimu wa kuimba, mwaka 1854 mjini Paris alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, akaziona za kwake mwenyewe.) Kwenye picha za vitabu huwa ni nyeupe, nyororo, kama utepe. Za kwangu moja ilikuwa imevimba, nyekundu, ina vidonda na kauvimbe juu yake. Nilipojaribu kusema "iii", hazikukutana. Katikati palibaki uwazi, hewa inapita tu.

Daktari akakaa kimya kidogo, kisha akasema hivi vitu viwili vinafanana sana kwa macho: inaweza kuwa TB, inaweza kuwa saratani. Lazima akate kinyama kidogo kikapimwe, na wakati huohuo nitoe makohozi na nipige picha ya kifua.

Jamani. Hebu fikirini mtu unaomba Mungu usiku kucha, "Mungu wangu, naomba iwe TB." Nimewahi kuomba vitu vingi, bumu liingie, sapu nisipate, lakini ombi kama hilo sikuwahi kulifikiria.

Ikawa TB. Makohozi yakaonyesha vimelea, picha ikaonyesha doa juu kwenye pafu la kulia, na kile kinyama nacho kikasema hivyohivyo. Nikapimwa na VVU, kwa sababu kila mgonjwa wa TB anatakiwa kupimwa. Sikuwa navyo. Naliandika hili kwa sababu najua wapo ambao wakisikia TB tu wanamalizia wenyewe sentensi.

Nesi wa kliniki ya TB akanieleza taratibu kama anafundisha darasa la tatu, na nilimshukuru. Kifua kikuu hakikai kifuani tu licha ya jina lake. Kinaweza kukaa kwenye mifupa, kwenye tezi, kwenye utando wa ubongo, kwenye figo. Kikikaa kwenye zoloto, mara nyingi kinakuwa kimepanda kutoka mapafuni pamoja na makohozi, na dalili inayotangulia kuonekana ni sauti kukauka. Tiba yake ni ileile ya TB ya mapafu, miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne zikiwa zimeunganishwa kwenye kidonge kimoja, minne inayofuata dawa mbili. Nilikuwa na kilo 44, kwa hiyo vidonge vitatu kila asubuhi, na silipi hata senti. Mkojo utakuwa rangi ya machungwa, usiogope, ni dawa. Macho yakianza kuona ukungu, njoo haraka.

Halafu akasema lile ambalo sikutaka kulisikia. TB ya aina hii inaambukiza sana, kwa sababu iko mlangoni kabisa, kila unapokohoa na kuongea inatoka na hewa. "Unaishi na nani?" Nikaandika kwenye daftari: sita. "Waje wote wapimwe. Na kwa sasa lala peke yako, dirisha wazi, vaa barakoa."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikarudi hosteli. Nikasema ni "maambukizi ya koo, nimepewa dawa".

Sikusema siku ile. Sikusema kesho yake. Wala kesho kutwa. Nilivaa barakoa nikisema daktari kakataza vumbi. Nikalala nimegeukia ukuta. Dirisha nikalifungua na wenzangu wakalifunga kwa sababu ya mbu, na mimi nikanyamaza. Dawa nilizificha kwenye kopo la mafuta ya nywele. Nilijiambia sina sauti, nitawaelezaje watu sita kwa kunong'ona? Lakini vidole nilikuwa navyo. Simu nilikuwa nayo. Kwenye kundi la WhatsApp la chumba nilikuwa naandika kila siku nani kaacha sufuria chafu.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona jinsi watakavyohamisha vikombe. Niliona jina langu likipita korido nzima. Nilijua kitanda ni changu ila chumba ni cha wote. Nikaona bora nimeze vidonge vyangu kimyakimya, wiki chache zipite, nisiambukize tena, na hakuna atakayejua. Watu walioniamini nikawawekea dau ili mimi nisipate aibu.

Usiku wa tisa rafiki yangu akakohoa. Mara moja. Nikafumbua macho. Akakohoa tena. Nikalala nikihesabu hadi adhana ya alfajiri, nikikumbuka nani alitoa nauli.

Asubuhi nikaandika kwenye daftari ukurasa mzima, nikamkabidhi kabla hajavaa viatu. Akausoma. Akaurudia. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Tangu lini unajua?"

Nikanyoosha vidole tisa.

Akafunga daftari taratibu, akaliweka kitandani, akaenda lekcha. Jioni akarudi na kusema na wenzetu wote mbele yangu, kwa sauti ambayo mimi sikuwa nayo, kwamba kesho saa mbili tunakwenda wote kliniki. Hakunitukana. Hakunisemesha pia. Alihamia chumba cha pili, akawa analala chini kwenye godoro la mtu. Siku ishirini na mbili hakusema na mimi neno.

Walipimwa wote sita. Hakuna aliyekutwa na TB, namshukuru Mungu mpaka leo. Kikohozi chake kilikuwa mafua tu. Yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi, alianzishiwa dawa za kinga za miezi mitatu, anakunywa mara moja kwa wiki. Na vikombe? Vikombe walivihamisha, siku nne hivi. Halafu mmoja akachoka kuosha viwili viwili, yakaisha.

Wakati ule wa ukimya nilisoma sana, maana hakukuwa na cha kufanya. Ndipo nikakutana na habari za mwandishi Franz Kafka wa Prague. Aligundulika na TB mwaka 1917. Mwaka 1924 ilikuwa imefika kwenye zoloto. Alilazwa Kierling, karibu na Vienna, madaktari wakamshauri asiongee, akawa anawasiliana na wageni kwa kuwaandikia vipande vya karatasi. Kumeza kukamshinda. Akafa tarehe 3 Juni 1924, ana miaka 40. Nilisoma hiyo nikiwa na daftari langu la kuandikia mapajani na uji unaopita kwa shida. Tofauti yangu na yeye si ushujaa. Wakati wake bakteria walikuwa wanajulikana tangu Robert Koch alipowatangaza tarehe 24 Machi 1882, ila dawa ya kuwaua haikuwepo. Streptomaisini ilikuja kupatikana 1943. Mimi vyangu vitatu viko kwenye kopo la mafuta ya nywele, bure, na bado nilikuwa natafuta namna ya kulalamika kwamba vinanitia kichefuchefu.

Wiki ya tatu ya dawa nikala ugali na ukapita. Wiki ya tano nikiwa bafuni nikaweka vidole kooni, kama nilivyofanya kila asubuhi. "Zzz." Kitu kikagusa vidole. Kidogo tu, kama simu iliyowekwa mtetemo ndani ya begi. Nikarudia mpaka aliyekuwa anasubiri nje akagonga mlango, "Wewe, kuna nyuki humo?"

Na rafiki yangu? Siku ya ishirini na tatu tulikutana korido ya chooni. Akanipita, akasimama, akageuka. "Na mimi nimeanza kukojoa Fanta," akasema. Tukacheka hadi tukashika ukuta. Baadaye akaniambia jambo ambalo naliandika kama alivyolisema: "Sikukasirika kwa ugonjwa. Ugonjwa hata mimi ningeupata. Nilikasirika kwamba kila usiku uliniambia lala salama." Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Mei nilimaliza dozi. Nina kilo 53, sketi zimerudi. Sauti imerudi pia, ila siyo ileile. Ni nzito kidogo, juu haifiki, na ikifika jioni inachoka. Daktari aliangalia tena: kidonda kimepona na kimeacha kovu, na kovu halitetemeki kama ngozi nyororo. Wengine sauti hurudi yote, wengine hubaki na alama. Nilichelewa miezi mitano, sijui kama ningewahi ingekuwaje, na sitaki kujitesa na hilo. Kwenye simu watu wananiita "kaka". Nimezoea.

Mwezi ujao naenda TP ya pili. Naogopa, sitawadanganya. Nimejifunza vitu: kunywa maji kila baada ya kipindi, kusimama katikati ya darasa badala ya kupiga kelele ukutani, kupiga makofi mawili badala ya kuita "kimyaa!", na kutonong'ona, maana kumbe kunong'ona kwa nguvu kunaichosha sauti badala ya kuipumzisha. Nataka safari hii msimamizi aandike kitu kingine. Hata akiandika "anasikika kwa shida", nitapokea, ni maendeleo.

Sasa, kwenu wenzangu wa ualimu, kwa sababu najua tunachukulia sauti kukauka kama sehemu ya kazi, kama vumbi la chaki kwenye nguo. Mara nyingi ni hivyo kweli, inapita yenyewe. Lakini ikizidi wiki tatu, acha tangawizi, tafuta mtu mwenye kamera akaangalie. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, unakonda, unatoka jasho usiku, kapime makohozi. Na ukiambiwa unacho, sema. Sema siku hiyohiyo, kwa mdomo, kwa karatasi, kwa meseji, kwa vidole. Mimi miezi sita ya vidonge nimeimaliza. Zile siku tisa ndizo bado nazo.

Haya, nyote mnaosoma, vidole kooni. Semeni "zzz". Imetetemeka? Shukuruni, halafu mkasome, UE hiyoo.

Rafiki yangu anawasalimu. Amerudi kitandani, na amenivutia shuka lote kama zamani.